Sitini, Si Sabini na Sita

Shangazi yangu alikuwa mfagizi wa shule ya msingi, na kwa miaka ishirini na miwili, kila siku ilipofika saa tatu asubuhi, aliegemeza ufagio ukutani akaenda kupima mvua.

Nikisema kila siku namaanisha kila siku. Alipima siku za masomo na siku za likizo, masika na kiangazi. Alipima hata siku waliyomzika mumewe: waombolezaji wakiwa wamejaa sebuleni aliinuka, akaenda shuleni na nguo zake nyeusi, akasoma, akaandika, akarudi kukaa palepale alipokuwa. Wapo waliomsema sana siku ile. Mwenyewe alijibu kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akimkumbusha saa, na leo hakuwapo wa kumkumbusha, kwa hiyo ilimbidi ajikumbushe.

Kazi hiyo hakuiomba. Nyuma ya madarasa, ndani ya uzio mdogo wa waya, watu wa ofisi ya hali ya hewa walikuwa wamechimbia kipimamvua: bomba fupi la shaba, mdomo wake mpana kama bakuli, na ndani yake chupa ya kukusanya maji. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyekabidhiwa. Siku moja mwalimu akapata uhamisho, akamwita mfagizi pembeni.

"Dada, nishikie funguo wiki moja tu, mpaka aje mwingine."

"Wiki ile," Shangazi alipenda kusema, "haijaisha hadi leo."

Kabla ya kuondoka, mwalimu alimfundisha kazi yote kwa muda wa robo saa. Unamimina maji ya chupa kwenye silinda ya kioo yenye mistari, unaiweka mahali palipo sawa, unapiga magoti mpaka macho yawe usawa mmoja na maji, unasoma pale chini kabisa maji yanapojipinda. Kisha akamwachia makatazo matatu, na Shangazi akayaandika kwa wino kwenye jalada la ndani la kitabu cha kwanza. Usikisie. Usifute. Usiache wazi.

Mimi nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine vinene kama tofali, vinavyouliza mtu anajuaje anachokijua na ana wajibu gani kwa anachokijua. Sijakutana na kitabu kilichoyasema hayo kwa maneno machache kuliko lile jalada.

Mtaani wakampa jina: Bi Milimita. Mwenye jina hilo kinywani kuliko wote alikuwa muuza vitunguu wa mbele ya lango la shule, mwanamke mnene mcheshi, aliyemngoja kila asubuhi kama anayengoja gazeti.

"Bi Milimita! Leo mbingu imekutumia ngapi?"

"Sifuri."

"Na umeandika?"

"Nimeandika."

"Jamani! Mtu mzima na akili zake anapiga magoti kwenye umande kuandika hakuna kitu. Si ungeacha wazi tu, dada yangu, ukapumzisha magoti?"

"Nikiacha wazi maana yake sikuja. Nikiandika sifuri maana yake mimi nilikuja, mvua ndiyo haikuja. Usinibebeshe utoro wa mvua."

Muuza vitunguu alicheka mpaka mizani yake ikatikisika. Kesho yake akauliza tena.

Kitabu kilikuwa na safu ya tarehe, safu ya kipimo, na mwisho kabisa safu nyembamba iliyoandikwa "Maelezo". Afisa aliyepita kila miezi mitatu kuchukua nakala alimwambia safu hiyo si lazima. "Mama, ofisini tunaingiza namba tu. Hadithi hatuna pa kuziweka."

"Basi msiziweke," alijibu Shangazi. "Mimi naandika, nyie mtajua wenyewe."

Akaandika. Herufi zake zilikuwa ndogo, zimebanana kama abiria, kwa sababu safu haikuwa pana na yeye alikuwa na mengi. Mvua ilianza saa ngapi, ikakatika saa ngapi, upepo ulitoka wapi. Saa aliijua, kwa kuwa yeye ndiye pia aliyekuwa mpiga kengele wa shule, na mpiga kengele haachi kutazama saa hata akiwa nyumbani kwake.

Ilivunjika silinda. Paka wa mlinzi aliiangusha kutoka dirishani, ikakatika juu, kikabaki kipande cha chini chenye mistari mpaka wa sita. Shangazi aliandika barua ofisini, na baada ya siku nne ikaja silinda mpya ndani ya boksi lenye nyasi kavu, safi, inang'aa. Kile kipande cha zamani alikipeleka nyumbani, akakiweka dirishani, akatia ndani yake tawi la ua alilotaka litoe mizizi. Alikuwa mtu asiyetupa kitu.

Miezi saba ikapita. Ndipo ukaanguka ukuta wa baba yangu.

*

Baba, mdogo wake Shangazi wa tumbo moja, alikuwa mwashi. Miaka mitatu nyuma, yeye na wenzake wawili walijenga ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya zahanati, pale kilima kinapoegemea majengo. Ramani ilichorwa na mkandarasi. Mwiko ulikuwa wa Baba. Alhamisi moja jioni ilinyesha mvua ambayo wengi hatukuwa tumewahi kuona mfano wake, na ukuta ukalala kifudifudi juu ya chumba cha chanjo. Muuguzi mmoja alivunjika mguu. Majokofu yalipondeka.

Kesho yake, kabla hata tope halijakauka, malori ya mkandarasi yalizoa kifusi chote yakaenda kukimwaga mbali. Halafu ikaja barua: ukuta umeanguka kwa sababu fundi alipunja saruji. Na kwa kuwa halikubaki hata jiwe moja la kupelekwa kupimwa, ilibaki kauli ya mkandarasi kwa kauli ya mwashi, na sote tunajua mizani hiyo huegemea wapi.

Halmashauri ikaunda kamati. Baba akipatikana na kosa, jina lake lingefutwa kwenye orodha ya mafundi na faili lingekwenda polisi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hakuwa na kazi nyingine mikononi mwake. Katika majuma yale nilimwona akipita mjini akiugusa kila ukuta aliowahi kuujenga, kwa kiganja, polepole, kama mtu anayewapima watoto homa.

Kilichomwokoa kilikuwa namba. Ramani ya mkandarasi ilisema mfereji wa nyuma ya ukuta uwe wa kubeba mvua ya milimita sabini kwa siku. Mwenyekiti wa kamati alikwenda shuleni, akafungua kitabu cha Shangazi, akanakili: sabini na sita. Mvua ilikuwa imepita kipimo. Kama ndivyo, basi hakuna wa kulaumiwa ila mawingu, na mawingu hayana leseni ya kufutwa.

Mtaa mzima ukajua. Muuza vitunguu alimpa Shangazi fungu bila kupima. "Bi Milimita, kumbe magoti yako yalikuwa na maana! Umemtoa mdogo wako kwenye mdomo wa mamba."

"Si mimi, ni mvua."

"Mvua ingesema yenyewe? Chukua vitunguu, uache maringo."

Baba alirudi kuimba akinyoa ndevu. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisoma falsafa, nimekuja likizo, na nakumbuka nilifikiri: tazama, ukweli umetufaa. Sikujiuliza kama ningeupenda vilevile usingetufaa.

*

Jumapili, siku tatu kabla ya kamati kukaa, Shangazi alikuwa akibadilisha maji ya ua lake. Silinda mpya alikuwa ameileta nyumbani kuiosha, kama alivyofanya kila mwezi. Alijaza kipande cha zamani mpaka mstari wa sita. Kisha, kwa sababu tu vyombo vyote viwili vilikuwa mbele yake na mkono wake ulizoea kumimina, akayamimina maji yale kwenye silinda mpya.

Yalisimama saba nukta sita.

Alidhani ni macho. Akavaa miwani. Akamimina tena, na tena. Nilipofika kwake kumsalimia nilimkuta amepiga magoti mbele ya meza, kanga imelowa, na pembeni yake karatasi yenye mistari midogo ya kuhesabia. Alikuwa amerudia mara arobaini.

"Shikamoo, Shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba. Njoo uone, wewe msomi. Maji ni yaleyale. Huku sita, huku saba nukta sita."

Aligeuza silinda mpya, akanionyesha alama ndogo iliyochorwa kwenye kitako chake. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kipimamvua cha mdomo mwembamba kuliko cha shule. Ofisi ilikuwa imemtumia silinda isiyo yake. Kwa miezi tisa, kila mvua aliyoiandika ilikuwa kubwa kuliko ile iliyonyesha.

"Nifanyie hesabu," alisema. "Sabini na sita ya hii ni ngapi ya ile?"

Ilikuwa hesabu ya darasa la tano. Niliifanya, kisha nikatamani nisingejua kuhesabu.

"Sitini."

"Hata mimi nimepata sitini."

Sitini ilikuwa chini ya sabini. Kwa sitini, mfereji ulipaswa kutosha na ukuta ulipaswa kusimama, na kama haukusimama basi kosa ni la mkono ulioujenga.

Ninalolieleza sasa si la kujivunia. Nilifunga mlango.

"Shangazi, nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi tuwe wawili."

Alikuwa anaikausha silinda kwa ncha ya kanga.

"Sisemi udanganye," nikaendelea. "Hakuna atakayekuuliza juu ya silinda. Utanyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

"Namba imeshaandikwa kwa mkono wangu. Mimi nikinyamaza, yenyewe itaendelea kusema."

"Lakini Baba ni mtu, Shangazi! Ana damu na nyama. Hiyo ni namba tu."

"Na watakaoitumia hiyo namba ni nini, mbuzi?" Aliweka silinda mezani. "Siku moja watakuja watu kujenga tangi la maji la mji mzima. Watafungua kitabu changu kujua mvua inaleta kiasi gani. Watasimama na ndoo zao, mwanangu, wakingoja maji ambayo hayakunyesha. Wengine hawajazaliwa. Hao nitawaambia nini, kwamba nilikuwa na mdogo wangu?"

"Huwajui hata mmoja."

"Mwalimu aliyeniachia funguo naye hakuwajua."

Nilimtolea kila nilichofundishwa. Nilimwambia kuhusu madhara na manufaa, nikalinganisha mtu mmoja aliye hai na watu mia wa kufikirika. Nilizungumza vizuri, nadhani. Mhadhiri wangu angenipa alama. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ileile aliyomsikilizia muuza vitunguu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mvua haina ndugu," alisema. "Ikinyesha haimuulizi mtu wewe ni wa nani. Niliikubali kazi ya kuisemea kwa kuwa yenyewe haina kinywa. Nikianza kuisemea yangu, si bora niwaache wakisie?"

Kisha akanituma nikamwite Baba.

*

Baba alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alipoelewa, midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyelamba chokaa.

"Kwa hiyo dada yangu wa damu ndiye shahidi wa mkandarasi."

"Mimi si shahidi wa mtu."

"Miaka ishirini nakuona unachuchumaa uani kwa shule kama kuku anayetaga, sijawahi kukucheka. Watu wote walicheka, mimi sikucheka!"

"Najua hukucheka."

"Ungenicheka wewe basi, kuliko hili."

Akaondoka. Siku mbili hakuja, na wao walikuwa watu wa kuonana kila siku. Shangazi alizitumia siku hizo kurekebisha kitabu. Miezi tisa ilikuwa na siku sitini na moja za mvua. Kila namba aliipiga mstari mmoja mwembamba wa wino, mmoja tu, ili chini yake namba ya zamani isomeke, akaandika mpya pembeni na sahihi yake. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kipindi hicho aliandika: "Silinda haikuwa ya kipimamvua hiki. Kosa lilianza hapa. Nilichelewa kuligundua." Nilimsaidia kukokotoa. Ilikuwa njia yangu ya kuomba msamaha, nami sidhani nilistahili kuusikia ukitamkwa.

Jumatano asubuhi alivaa gauni lake la bluu, akafunga silinda zote mbili kwenye taulo. Tulipofungua mlango tukamkuta Baba ameketi kwenye ngazi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Hakutazama mtu.

"Twendeni," alisema. "Mtachelewa."

Akampokea dada yake mzigo wa taulo, akaubeba yeye.

*

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, chumba kirefu chenye feni inayozunguka kwa kulalamika. Mezani alikuwapo mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya upole na miwani iliyoning'inia kifuani. Na kulia kwake mhandisi, mwanamke wa makamo aliyekuja kutoka makao makuu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ameandika bila kusema neno. Mkandarasi alikaa mbele na tai yake. Watu wa mtaa walijaa nyuma, muuza vitunguu kiti cha kwanza.

Mwenyekiti alisoma namba aliyoinakili, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Shangazi akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hiyo namba si sahihi. Ulinakili sawasawa, ila mimi niliandika vibaya. Si sabini na sita. Ni sitini."

Ukumbi ulitoa sauti kama godoro linalokaliwa. Nilimsikia muuza vitunguu akinong'ona, "Bi Milimita, umerogwa?"

Mkandarasi alikuwa ameshasimama. "Mwenyekiti, huyu mama ni dada wa mshtakiwa, na bado amesema kweli. Nampongeza. Naomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo."

"Yaandikwe," alisema mwenyekiti, na ilikuwa wazi hakufurahi.

Mhandisi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mama, umejuaje kwamba ni sitini?"

"Naomba lile jagi la maji."

Alipewa jagi la mezani. Alijaza kipande cha zamani mpaka mstari wa sita, akamimina kwenye silinda mpya. Mhandisi aliinama kutazama.

"Naona kama saba na nusu, hivi."

"Teremka, mwanangu. Ukisoma kutoka juu maji yanakudanganya. Macho yawe sawa nayo."

Mhandisi kutoka makao makuu alitazama sakafu, akakunja sketi yake, akapiga magoti mbele ya meza.

"Saba nukta sita," alisema kutoka chini kule.

"Umeona sasa."

Akainuka akijipangusa vumbi. Aliomba kitabu. Alifungua kurasa za miezi tisa, akapitisha kidole kwenye namba sitini na moja zilizopigwa mstari, moja baada ya nyingine, na uso wake ukabadilika. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango wa ghala akitarajia panya, akakuta maktaba.

"Kwa nini hukuandika kitabu kipya, mama? Hiki kinaonyesha makosa yote."

"Ndiyo kazi yake."

Mhandisi alimsogezea mwenyekiti kitabu, akamwekea kidole kwenye safu ya mwisho. Mwenyekiti akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, pengine bila kukusudia. "Wanafunzi wametia soda kwenye kipimamvua. Kipimo cha leo si cha kuaminiwa." Watu wakacheka. "Manyunyu ya dakika sita, hayakulowesha hata ufagio." Wakacheka zaidi. "Nilichelewa dakika nne, mkuu wa shule alinishika kwa maongezi."

"Mwenyekiti," alisema mkandarasi, "tuko kwenye uchunguzi au kwenye maigizo?"

"Endelea," alisema mhandisi. "Nenda Ijumaa ile."

Mwenyekiti alifunua. Alisoma kwanza kimya, kisha akarudia polepole. "Jana ilianza saa kumi na dakika kumi jioni, ikakatika saa kumi na dakika hamsini. Kabla yake kavu. Baada yake kavu mpaka leo saa tatu. Sikuweza kutoka kupiga kengele, nilijibanza ofisini chini ya saa ya ukutani."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Dakika arobaini," alisema mhandisi. "Milimita sitini, zote, ndani ya dakika arobaini." Alikunjua ramani ya mkandarasi, akaigeuza ili kamati yote ione. "Hapa juu mmeandika sabini kwa siku, na ndiyo tunayoisoma tangu tuanze. Lakini mfereji haujui siku. Mfereji unajua saa. Na hapa chini, kwa herufi za sisimizi, mmeandika mfereji huu unabeba milimita ngapi kwa saa moja. Tusomee, bwana mkandarasi."

Mkandarasi alikohoa. "Thelathini na tano."

"Thelathini na tano. Siku ile zilikuja sitini, na saa yenyewe haikutimia. Maji hayakuwa na pa kupita, yakasukuma. Ungejenga ukuta huo kwa chuma usingesimama."

"Lakini hayo ya dakika ni maneno tu ya pembeni!" Mkandarasi alikuwa amesahau upole wake. "Yameandikwa na dada wa mshtakiwa!"

Mhandisi alimgeukia.

"Robo saa haijapita tangu umpongeze dada huyuhuyu kwa kusema kweli, ukaomba maneno yake yaandikwe. Tumeyaandika. Sasa unataka tuamini nusu ya ukurasa?"

Muuza vitunguu ndiye aliyeanza kupiga makofi, na mwenyekiti hakujaribu kuyazuia.

Nimewaza mara nyingi juu ya makofi yale. Shangazi alipoingia ukumbini hakujua kwamba safu ya maelezo ingemwokoa ndugu yake. Alidhani anakwenda kumzamisha, na alikwenda. Sasa nimefika umri ambao mtu huacha kuamini kwamba wema hulipwa. Mara nyingi haulipwi. Lakini siku ile niliona jambo nililolisoma chuoni bila kulielewa: kwamba neno la mtu lina nguvu kiasi kilekile cha gharama aliyo tayari kuilipa kwa ajili yake. Angeficha silinda, kile kitabu kingekuwa karatasi za dada anayempenda mdogo wake. Alipokitoa na aibu yake yote, hata mkandarasi hakuwa na pa kukishika.

Kamati iliandika kwamba mwashi hana kosa na kwamba mfereji uchorwe upya. Mhandisi alirudi makao makuu na alama ya kile kitako cha silinda kwenye daftari lake; baada ya mwezi tukasikia vituo kumi na vinne vilikuwa vimetumiwa silinda zisizo zao, na hakuna hata kimoja kilichogundua ila hiki cha mfagizi.

Nje ya ukumbi Baba alisimama mbele ya dada yake, taulo mkononi.

"Kuku anayetaga," alisema.

"Nilisikia."

"Ametaga yai, lakini."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatazama saa yangu. Ilikuwa saa tano na nusu. Alikuwa ameshasoma kipimo chake asubuhi, kabla hatujaja. Sifuri.

*

Baba ndiye aliyeujenga ukuta upya, kwa ramani ya mhandisi, na mfereji wenye upana wa kumlaza mtu. Mwaka uliofuata, alasiri moja, mbingu ikafunguka tena. Nilikuwapo. Tulikimbilia zahanati, tukamkuta Baba amesimama kwenye mvua mbele ya ukuta wake, kofia imelowa chepechepe, anayatazama maji yakitoka mferejini kwa kishindo, mengi, mekundu, yakipita na kwenda zake. Muuguzi aliyevunjika mguu alikuwa dirishani, akimpungia. Ukuta haukutikisika hata kidogo.

Mvua ilipokatika Shangazi akaja na ndala zake, akiruka madimbwi, mkononi kipande cha karatasi alichoandikia dakika. Baba akamkimbilia kama mtoto.

"Ngapi, dada? Hii imeipita ile! Hii ni sabini, hii! Ngapi?"

"Subiri saa tatu."

"Saa tatu kesho? Mimi nitakufa! Kisia tu. Baina yetu sisi wawili."

Shangazi aliuweka mkono wake kwenye ukuta uliolowa, kwa kiganja, polepole, kama alivyokuwa akifanya Baba.

"Umesimama," alisema. "Hilo naliona. Lingine njoo kesho, upige magoti, usome mwenyewe."

Na Baba akaenda. Saa tatu kasorobo alikuwa ameshafika.